Kinyozi ni Mtu, si Kibanda

Wahenga walinena kwamba kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Methali hii hufunzwa katika shule zetu zote, na mwanafunzi akiulizwa maana yake hujibu bila kusita kwamba hakuna binadamu anayejitosheleza. Hata fundi aliye hodari humhitaji mwenzake. Jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo, limo jambo jingine katika methali hiyo ambalo hatuliulizi darasani. Huyu kinyozi anayetajwa ni nani? Je, tunapolisikia neno hilo tunamwona mtu na ufundi wake, au tunaona kibanda kilichopakwa rangi kando ya barabara?

Swali hili lilinijia wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, nilipokuwa nimeketi nikingoja kunyolewa pale njia panda ya Kanduyi, mahali ambapo barabara kuu iendayo Malaba hukutana na ile iingiayo mjini Bungoma. Watoto walikuwa wamejaa kwenye benchi na wengine wamesimama nje, kila mmoja amepewa pesa na mzazi wake akanyolewe kabla ya kurudi shuleni. Kijana aliyekuwa akiwahudumia hakuwa amepumzika tangu asubuhi. Alimshika mtoto kichwa kwa utaratibu, akapitisha mashine, akachonga panja kwa wembe mpya, akapangusa shingo kwa pamba yenye spiriti, kisha akamwita aliyefuata. Zamu yangu ilipofika nilimuuliza ameifanya kazi hiyo kwa muda gani. Akanijibu kwa upole, "Mimi sina kazi, mwalimu. Nilimaliza kidato cha nne miaka minne iliyopita. Nanyoa tu hapa nikitafuta kazi."

Nilitoka pale nywele zikiwa zimekatwa vizuri kabisa, lakini moyo haukutulia. Kijana ambaye alikuwa na foleni ya wateja mlangoni, anayelipa kodi ya kibanda na kujilisha kwa jasho lake, alikuwa akiamini kwamba hana kazi. Nani alimfundisha hivyo? Nionavyo mimi, sehemu ya lawama ni yetu sisi tunaoifundisha lugha na tunaoiandika.

Tutazame jinsi neno kinyozi linavyotumiwa leo nchini Kenya. Mtu husema, "Naenda kinyozi," kama asemavyo, "Naenda sokoni." Mwingine husema, "Tukutane pale kinyozi," au "Kinyozi kimefungwa." Neno lililokuwa jina la mtu limekuwa jina la nyumba. Limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya milango kutoka Kanduyi hadi Kitale, na aghalabu ndilo neno pekee la Kiswahili katika kibao ambacho maneno yake mengine yote ni ya Kiingereza. Kwa upande mmoja ni fahari kwamba neno letu limesimama imara hata Kiingereza kikashindwa kuling'oa. Kwa upande mwingine, mwenye jina amefichwa nyuma ya kibao chake. Anapotakiwa kutajwa yeye mwenyewe, huitwa "yule jamaa wa kinyozi." Jina lake limepewa ukuta, naye akabaki jamaa tu.

Walimu wa Kiswahili watakuwa wamekutana na sentensi kama hii katika insha: "Nilipofika nilikuta kinyozi kimefungwa." Wengi wetu hupiga mstari wa kalamu nyekundu chini ya neno "kimefungwa" na kuendelea na kazi. Kosa hilo linastahili maelezo zaidi. Nomino kinyozi ina umbo la ngeli ya KI-VI, lakini kwa kuwa hutaja kiumbe mwenye uhai, upatanisho wake ni wa A-WA: kinyozi amefunga, vinyozi wamefunga, kinyozi mzuri, vinyozi wazuri. Kwa nyumba tunasema duka la kinyozi au kibanda cha kinyozi, na anayekwenda huko huenda kwa kinyozi. Hatusemi, "Daktari imefungwa," ilhali tunamaanisha zahanati. Mwanafunzi aandikapo "kinyozi kimefungwa" hajakosea upatanisho peke yake. Ameandika kile ambacho jamii imemzoesha kukiona, yaani kibanda kisicho na mtu ndani yake.

Wapo wanaodhani kwamba kiambishi "ki" katika neno hili ni cha kudunisha, kama tunavyosema kijitu au kijumba. Nimewahi kumsikia mwanafunzi mmoja akipendekeza kwamba tuseme mnyoaji ili kumpa mtu huyu heshima yake. Nia yake ilikuwa njema, lakini hoja haikuwa na mashiko. Kiambishi hicho hicho kimo katika neno kiongozi, na sijawahi kumsikia waziri wala mbunge akilalamika kwamba ameitwa kiongozi. Kinyozi na kiongozi wamevaa vazi la aina moja.

Isitoshe, tukichunguza tutaona kwamba neno kinyozi linampa mtu huyu hadhi kuliko neno mnyoaji. Lugha yetu ina njia mbili za kuunda jina la mtenda kutokana na kitenzi. Njia ya kwanza huishia kwa "aji", nayo humtaja yeyote afanyaye tendo: msomaji, mwandikaji, mpikaji. Njia ya pili huishia kwa "i", na mara nyingi humtaja yule ambaye tendo hilo limekuwa ujuzi au kazi yake: msomi, mwandishi, mpishi. Mtoto anayesoma gazeti hili ni msomaji, lakini bado hajawa msomi. Anayechemsha ugali nyumbani ni mpikaji. Anayeajiriwa hotelini kwa ujuzi wake ni mpishi. Vivyo hivyo, mama anayemnyoa mwanawe uani kwa wembe ni mnyoaji, na yule kijana wa Kanduyi ni kinyozi. Yeye alipojieleza kwangu kwa maneno "nanyoa tu," alijiweka katika daraja la kwanza ilhali ameshafika la pili.

Umbo la neno lenyewe ni somo zuri kwa wanafunzi wa sarufi. Vitenzi kama nunua, okoa, amua na nyoa vilikuwa zamani na sauti ya "l" kabla ya irabu ya mwisho, sauti ambayo Kiswahili kimeidondosha. Tunapounda majina kwa "i", sauti hiyo hurejea ikiwa na sura ya "z": mnunuzi, mwokozi, mwamuzi, kinyozi. Msusi naye ametokana na kitenzi suka, na mabadiliko yake yanafanana na yale ya pika kuwa mpishi na andika kuwa mwandishi. Majina ya kazi nyingine yalitufikia kutoka ng'ambo. Dobi alitoka Bara Hindi na dereva akatoka kwa Waingereza. Kinyozi na msusi hawakuazimwa popote. Waarabu waliofanya biashara katika pwani yetu karne nyingi walikuwa na neno lao hallaq, lakini Waswahili waliopokea kutoka kwao maneno mengi ya dini, sheria na biashara hawakulihitaji hilo. Walikuwa tayari na lao.

Na maneno ya kazi hii si hayo mawili tu. Kiswahili kina panja, nywele za kando ya paji la uso ambazo kinyozi huzichonga. Kina denge, mtindo wa kunyoa pembeni na kuacha nywele za utosini. Kina kipara, shungi na sharubu. Kina kitana na chanuo, wembe na makasi. Msusi naye ana misuko na misongo yake. Kitenzi chake ndicho kinachotumika kwa mkeka, kikapu na kamba, kwa maana vidole vinavyogawa nywele mafungu matatu na kuyapitisha moja juu ya jingine vinafanya kazi ile ile ya vidole vya msuka ukili. Hata wanaokula njama tunasema wanasuka mpango. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kazi za kisasa aanze kwa kuketi saa moja kwa kinyozi na saa moja kwa msusi, akiwa na daftari.

Hii si kazi ya mtu yeyote aliyeshika mashine. Kinyozi aijuaye kazi yake humtambua mtoto mwenye mapunye kabla ya kumgusa, kwa sababu ugonjwa huo huambukizwa kwa mashine na vitana, na kichwa kimoja chaweza kuwaambukiza watoto wa darasa zima. Anajua kwamba wembe mmoja haupiti katika ngozi za watu wawili. Onyo hilo lilitangazwa kote nchini katika miaka ya 1990 kwa sababu ya ukimwi, na homa ya ini ya aina ya B nayo huambukizwa kwa njia hiyo hiyo. Anajua kwamba kile kisanduku chenye taa ya buluu hakimwondolei wajibu wa kusafisha vifaa kwa dawa. Msusi naye anajua kwamba dawa ya kulainisha nywele ikikaa kichwani kupita muda wake huunguza ngozi, na kwamba misuko iliyokazwa mno hung'oa nywele za mbele zisiote tena. Haya ni maarifa. Anayeyakosa hudhuru watu.

Wazee wetu walimtambua mtu huyu. Kwa Wabukusu, kunyoa ni khubeka, na tendo hilo lina nafasi yake katika mila za matanga, ambapo jamaa wa marehemu hunyolewa baada ya maziko. Kwa Waislamu, nywele za mtoto hunyolewa siku ya saba baada ya kuzaliwa, na mwenye kuhiji hunyoa au kupunguza nywele zake anapokamilisha ibada. Katika miji ya pwani, bibi harusi hatoki mbele za watu kabla nywele zake hazijapita mikononi mwa mwanamke anayeijua kazi hiyo na kupambwa kwa asumini. Mtu anapozaliwa, anapooa na anapofiwa, kuna mkono unaogusa nywele zake. Hatukumwachia kazi hiyo mtu tunayemdharau.

Dharau ya leo basi imetoka wapi? Yasikitisha kusema kwamba sehemu kubwa imetoka shuleni. Ni mara ngapi mwalimu amemwambia mwanafunzi aliyeshindwa na hesabu, "Wewe utaishia kuwa kinyozi"? Ni mara ngapi msichana aliyepata alama za chini ameambiwa akasuke nywele? Tena, katika baadhi ya shule, makasi hugeuzwa kuwa kiboko: mvulana aliyefuga nywele hukatwa njia moja katikati ya kichwa mbele ya wenzake ili aende akamalizie nje kwa aibu. Mtoto wa namna hiyo huja kwa kinyozi akiwa tayari ameaibishwa, na kinyozi ndiye anayeifuta aibu hiyo kwa kusawazisha kilichoharibiwa na mwalimu. Yafaa tujiulize ni nani kati ya hao wawili aliyefanya kazi ya malezi siku hiyo.

Mwanafunzi akisikia kwa miaka yote ya masomo yake kwamba kinyozi ni jina la walioshindwa, hawezi kulivaa jina hilo kwa fahari atakapolihitaji. Atakuwa na kazi na kusema hana. Wasichana nao wamekimbilia neno salonist, ambalo hata Mwingereza akilisikia atauliza maana yake, kwa kuwa wanaona aibu kuitwa wasusi. Tumewafanya vijana wetu waazime jina bovu ilhali wana zuri.

Zaidi ya hayo, tumeligawa jina kwa jinsia bila lugha kutuagiza. Wengi hudhani kinyozi lazima awe mwanamume na msusi lazima awe mwanamke. Kiswahili hakina jinsia katika majina ya kazi. Msichana anayenyoa ni kinyozi, na mvulana anayesuka ni msusi. Wa aina zote mbili wapo, na hawahitaji jina la kuwatenga.

Najua yatakayosemwa dhidi ya hoja hizi. La kwanza ni kwamba jina halijazi tumbo. Kijana wa Kanduyi anahitaji umeme wa uhakika na kodi nafuu kuliko anavyohitaji somo la ngeli. Ni kweli, na sitadai kwamba upatanisho wa sarufi utamlipia kodi. Lakini anayesema hana kazi hatajiunga na chama cha akiba na mikopo kama mtu mwenye kazi, hataweka hesabu za mapato yake, wala hatatafuta cheti. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, huandaa mitihani ya ufundi katika kazi ya nywele kwa madaraja matatu, na fundi aliyejifunzia kazini anaweza kuifanya. Hatajisajili mtu anayeamini kwamba yeye ananyoa tu.

La pili ni kwamba wateja wanapenda vibao vya Kiingereza. Sina ugomvi na mwenye biashara anayetafuta riziki. Kibao ni chake na kodi analipa yeye. Ugomvi wangu ni na taasisi. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Licha ya hayo, mafunzo na mitihani ya kazi hii aghalabu huendeshwa kwa Kiingereza, ilhali kazi yenyewe huendeshwa kwa Kiswahili kuanzia mteja anapobisha hodi hadi anapolipa. Msusi aliyesuka vichwa vya watu kwa miaka kumi anaweza kuanguka katika karatasi ya nadharia kwa sababu hakulielewa swali, wala si kwa sababu hakujua jibu.

La tatu ni kwamba Kiswahili hakina neno la mtu anayefanya yote: kuosha, kukata, kupaka rangi, kulainisha na kupamba. Hoja hii ni nyepesi. Lugha iliyounda mpiga picha na mfanyakazi haiwezi kushindwa na mtengeneza nywele. Anayetaka jina fupi zaidi achukue mpambaji. Neno halisubiri kamati, hukomaa linapotumiwa.

Kwa hivyo twawaomba walimu wa Kiswahili mambo matatu. Kwanza, mnapofundisha uundaji wa nomino kutokana na vitenzi, msiishie kwa msomi na mwandishi. Waingizeni kinyozi na msusi, na mweleze tofauti yao na mnyoaji na msukaji. Pili, watumeni wanafunzi wakusanye msamiati wa kazi hizi katika masoko yaliyo karibu na shule, kama mnavyowatuma kukusanya methali na vitendawili kwa wazee. Kanduyi, Chwele, Kimilili na Kitale hakosi fundi aliye tayari kueleza anachokifanya. Tatu, futeni kabisa ile kauli ya "utaishia kuwa kinyozi." Mwalimu anayeitoa huenda akanyolewe jioni hiyo hiyo na mwanafunzi wake wa zamani.

Vyuo vya ufundi navyo, pamoja na wanaotunga mitihani, viwape watahiniwa hiari ya kujibu kwa Kiswahili. Tuna Chuo Kikuu cha Kibabii hapa hapa Bungoma. Wanafunzi wake wa Kiswahili wangeweza kuandaa orodha ya istilahi za kazi ya nywele, wakaipeleka kwa mafundi wenyewe ikasahihishwa, kabla ya kuipeleka kwa wataalamu. Na nyinyi wanafunzi mnaosoma safu hii, mtakapojaza fomu inayouliza kazi ya mzazi, naye ni kinyozi au msusi, andikeni hivyo kwa mwandiko mzuri. Msiandike "biashara ndogo," wala msiache nafasi wazi.

Nitarudi Kanduyi kabla ya muhula ujao, maana nywele haziachi kuota. Nitamwambia yule kijana kwamba kazi anayoitafuta anayo mkononi, na kwamba kutafuta nyingine si kosa, ila ajue anatoka wapi anapoondoka. Methali tuliyoanza nayo inasema kinyozi hajinyoi. Hawezi pia kujipa jina peke yake. Sisi tulio mbele ya kioo chake ndio tunaopaswa kumwita, na kumwita ipasavyo.